Mihadhara ya vyuo vikuu kuhusu vita vya Kongo: ifanyike kwa Kiswahili au ibaki ilivyo?

Mleta mada

Wakuu, msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungukane. Mhadhara wowote wa wazi unaoandaliwa na chuo kikuu cha Tanzania kuhusu vita na wakimbizi wa ukanda huu ufanyike kwa Kiswahili. Mgeni asiyekijua atafutiwe mkalimani. Na nusu ya muda waachiwe waliokaa vitini, siyo zile dakika kumi za mwisho ambazo mwenyekiti huzigawa kwa maprofesa watatu wa safu ya mbele.

Mfano wangu ni Kongo. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wanajeshi wetu walikuwa huko chini ya kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za SADC na wa Afrika Mashariki wakakutana hapahapa Dar, na Machi SADC ikatangaza kukiondoa kikosi. Wala hatukuanza jana. Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilisaidia kuwashinda M23 haohao, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Desemba 2017 kambi ya Semuliki kule Beni ikavamiwa, tukapoteza askari zaidi ya kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo kuna wazazi Tabora na Songea ambao vita hivi vimeingia hadi sebuleni kwao. Askari huongea Kiswahili na raia wa Goma, raia humjibu kwa Kiswahili, mkimbizi akivuka ziwa hadi Kigoma hujieleza kwa Kiswahili. Halafu jambo hilohilo likifika ukumbini linageuka Kiingereza.

Nilikaa kwenye mhadhara mmoja wa namna hiyo, chuo nakihifadhi. Mada ilikuwa amani ya Maziwa Makuu. Baba mmoja mtu mzima akasimama akauliza kwa Kiswahili: yale makubaliano ya 23 Machi 2009, ambayo M23 wamejipatia jina kutokana nayo, nani hasa aliyavunja? Hilo ndilo swali. Akaambiwa afupishe. Kisha mtu akalitafsiri kwa sentensi moja, mzungumzaji akajibu habari za vijana na ajira, na ukumbi ukapiga makofi.

Na msinijie na ile hoja kwamba Kiswahili hakibebi mambo mazito. Mwalimu alihutubia Mei Mosi ya 1995 Mbeya kuhusu ukabila, udini na rushwa, na mpaka leo utaisikia hotuba hiyo ndani ya daladala. Pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili kitupu.

Karibuni. Hoja kwa hoja.

Mlimani, mwaka wa tatu

Mkuu, nakuheshimu ila hapa napinga. Mhadhara wa chuo si mkutano wa hadhara. Mtu ametumia miaka kumi kuchambua mikataba ya amani, anakuja kuzungumza na wenzake wa taaluma, wewe unataka aongee kama yuko Jangwani.

Halafu unasahau historia ya kilima chenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha hapa, akaondoka 1974. Stokely Carmichael, mwanaharakati wa watu weusi wa Marekani, alikuja; C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, alikuja. Mijadala yote ile ilikuwa ya Kiingereza, na waliokuwa vitini ni kina Museveni, aliyeongoza chama cha wanafunzi wanamapinduzi, na John Garang, aliyekuja kuongoza waasi wa Sudan Kusini. Hao walisikia Kiingereza wakaenda kubadilisha nchi zao. Mwaka 1970 Rodney akaenda Makerere kubishana na Profesa Ali Mazrui, Mswahili wa Mombasa kabisa, na hawakubishana kwa Kiswahili. Mbona watu wanaukumbuka hadi leo?

Mleta mada

Wanaoukumbuka ni watu gani, mdogo wangu? Ni wewe na mimi, tuliosoma. Na huo mfano wa Museveni na Garang unanisaidia mimi zaidi yako. Waliokuwa vitini wakawa wakubwa, wakaenda msituni, waliobaki nje ya ukumbi wakawa wanaopigana na wanaokimbia. Sisemi Rodney ndiye aliyesababisha, la hasha. Nasema elimu ile ilizungukia kwa wachache wanaojuana.

Na tusiipambe Mlimani ile kupita kiasi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha makwao mamia kwa siku moja. 1970 chama hicho cha wanafunzi kikapigwa marufuku pamoja na gazeti lake, Cheche. Uhuru wa kusema ulikuwa na kikomo hata wakati huo.

Msomaji wa kawaida

Mimi natokea Buza. Kufika huko juu ni daladala mbili, mhadhara unaanza saa nane mchana siku ya kazi. Hata mngeufanya kwa Kizaramo nisingekuja.

Mwalimu mstaafu, Kasulu

Wanangu, nawasoma. Niwape ya huku.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu tangu 1996. Kwa hiyo kuna watu wazima wenye watoto wao wenyewe ambao Kongo hawajawahi kuiona, wamezaliwa kambini. Nimefundisha watoto wa vijiji vinavyopakana na kambi, nikawajua na wakimbizi wengi. Ugomvi wa kuni naujua, wa mbuzi kupotea naujua, na najua jinsi soko la pamoja likifungwa anayelia si mkimbizi peke yake, analia na mama wa kijijini aliyekuwa anauza ndizi pale. Sasa watafiti huja. Huja na dodoso, huuliza kwa Kiswahili kizuri tu, hunywa chai, huondoka. Mwaka mmoja au miwili baadaye tunasikia matokeo yamewasilishwa Dar au nchi za nje. Kwetu hayarudi.

Kwa hiyo mimi lugha naiunga mkono lakini haitoshi. Mhadhara wenyewe uje Kasulu. Uje Ngara pia. Wazee wa Ngara waliona kwa macho yao watu karibu 250,000 wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, Aprili 1994. Profesa gani atawafundisha maana ya neno mkimbizi? Na muende Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikokaa Warundi waliokimbia 1972. Serikali yetu iliwapa uraia watu wapatao 162,000, jambo ambalo nchi nyingi zenye pesa kutuzidi hazijathubutu. Hilo tu lingetosha mihadhara mitano, na wazungumzaji wapo hukohuko.

Mlimani, mwaka wa tatu

Shikamoo mwalimu. Kwako sina ubishi. Ila kwenda Kasulu ni bajeti, na bajeti hakuna.

Bora tuseme ukweli

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni nani analipia ukumbi na soda. Mhadhara ukidhaminiwa na ubalozi, unadhani mzungumzaji atataja makampuni ya nchi hiyo yanayonunua koltani, yale madini ya Kongo yanayotumika kwenye simu? Na ukidhaminiwa na wakubwa wa hapa, nani atauliza askari wetu walitumwa na Bunge likajadili kiasi gani? Woga unaongewa kwa lugha yoyote. Mkihamia Kiswahili tutapata hotuba zilezile zisizosema kitu, tofauti ni kwamba safari hii sote tutaelewa kuwa hazisemi kitu.

Mleta mada

Hayo ya mwisho uliyoyaandika kwa kejeli mimi nayachukua kama faida. Hotuba tupu kwa Kiingereza inapita kwa sababu nusu ya ukumbi inadhani imeshindwa kuelewa. Kwa Kiswahili mtu ataguna hapohapo.

Mwana wa Uvira

Bandugu, nawasalimu. Mimi ni Mkongomani, kwa sasa niko Bujumbura. Nawasoma mnabishana juu yetu na sioni aliyesema Mkongomani naye apewe kipaza sauti. Kwetu chuo kikuu ni Kifaransa tupu, nikija kwenu ni Kiingereza. Lugha ya mama yangu, ya sokoni, ya kanisani, ile ambayo Bukavu na Dar tunaelewana bila kusumbuana, haina kiti upande wowote. Mnijibu hili: nikija kusimulia mwenyewe yaliyotupata, nitaambiwa nifupishe kama yule baba?

Mkalimani wa mikutano

Nimesoma yote, niongeze ya kazini kwetu. Ukalimani si ndoto. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha ilisikiliza kesi hadi ikafungwa mwishoni mwa 2015, watu wakifuatilia kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Rais Chissano wa Msumbiji alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, akawaacha wengine wakihangaika na visikilizio. SADC nayo ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi mwaka 2019, na uamuzi ulipitishwa Dar.

Kinachotukwamisha ni tabia za waandaaji. Tunafanya kazi wawiliwawili, tunapokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu kichwa huchoka. Muandaaji anamwita mkalimani mmoja, anamkalisha pembeni bila kibanda, karatasi ya mzungumzaji anampa akiwa tayari amesimama. Halafu sentensi ikitoka imepinda, watu wanasema Kiswahili hakina msamiati. Tupeni hotuba wiki moja kabla. Hayo ya "makundi yenye silaha" na "usitishaji mapigano" tunayo tayari, redio zinayatumia kila siku.

Ila mleta mada nawe ujue, wakalimani wawili na mitambo ni gharama. Ukisema kila mhadhara, chuo kitajibu kwa kupunguza mihadhara.

Mleta mada

Ipungue. Mihadhara minne kwa mwaka ambayo baba yule anauliza swali lake lote na Mwana wa Uvira anakaa meza kuu, kwangu ni bora kuliko ishirini za kupigia picha. Na mmoja kati ya hiyo minne uwe Kasulu, mwalimu awe mwenyekiti.

Mlimani, mwaka wa tatu

Sawa mkuu, tuchukulie umeshinda. Darasani kwangu kuna Wazambia wawili, Mmalawi na dada wa Juba. Na wao Kongo inawahusu, Malawi ilipeleka askari kama sisi. Hao nao watakaa wakitazama dari?

Mleta mada

Watavaa visikilizio. Si mkalimani keshasema vipo?