Boksi la huduma ya kwanza kwenye Hiace za Mtwara–Masasi liwe na nini?

Msimamizi wa magari: Wakuu, maboksi ya Hiace zetu yana plasta na spiriti tu. Bodaboda akigongwa kati ya Mtama na Nyangao, dereva na konda waanze na lipi, na boksi liwe na nini?

Nesi wa dharura: Kinachoua haraka ni damu, na plasta haiizuii. Weka glovu jozi sita, gozi kubwa ishirini, bandeji za sm 10 na sm 15, kanga mbili safi, mkasi na tochi. Pamba isigusane na kidonda, nyuzi zake hunasa. Boksi likae chini ya kiti cha mbele. Likifukiwa na mizigo ya abiria huko nyuma ni sawa na kutokuwepo.

Damu ikitoka kwa kasi, vaa glovu, weka gozi, kandamiza kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia. Ukifunua ovyo, damu iliyoanza kuganda inang'oka. Gozi ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Damu ya mguu au mkono ikikataa kabisa kukoma, funga kitambaa kipana, sm 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha upande wa kuelekea kiwiliwili, kisiwe kwenye goti wala kiwiko, kaza kwa kijiti mpaka damu ikome. Andika saa, na usilegeze mpaka hospitali. Waya na kamba nyembamba hukata nyama tu.

Dereva wa malori: Kabla ya hayo yote, egesha mbele ya ajali, washa taa za hazadi, konda apeleke triango ya tahadhari nyuma mita 50 au zaidi, kwenye kona iwe kabla ya kona. Bila hivyo lori la saruji linawamaliza waokoaji. Zima pikipiki, piga 112, namba ya dharura.

Jamani, acheni kumbeba majeruhi mikono na miguu kama gunia la korosho! Shingo ikiwa imevunjika, hapo ndipo anapopooza. Helmeti ibaki, labda kama hapumui. Anayepumua ila hajitambui mlaze ubavu, mmoja ashike kichwa kigeuke pamoja na mwili. Maji ya kunywa asipewe.

Msimamizi wa magari: Asanteni. Akiwa hapumui? Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, maana madereva wanaiogopa?

Nesi wa dharura: Bonyeza katikati ya kifua sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane kila dakika mbili kwa sababu mikono huchoka na kina hupungua. PF3 isiwacheleweshe: wa dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Hapo ulipotaja, kimbilieni hospitali ya Nyangao, na konda apige simu mapema aseme majeruhi ni wangapi.