Ushauri: Crab Island (Destin, Florida) kwa boti, watu 9 na watoto ndani, Aprili au Mei?

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Tunatoka Atlanta kwenda Destin kwa siku tatu, na lengo kuu ni Crab Island. Tuko 9: watu wazima 6, na watoto wa miaka 4, 7 na 12. Likizo ya shule ni wiki ya kwanza ya Aprili, ila tunaweza kusogeza hadi wikiendi ya katikati ya Mei. Wawili kati yetu wameshaendesha boti ziwani, baharini bado. Tukodi pontuni (boti bapa inayoelea juu ya mabomba) tuendeshe wenyewe au tutafute yenye nahodha? Na kuna lolote la kisheria la kukamilisha kabla ya kuondoka?

Fungu la Nje
Kwanza, hakuna kisiwa pale. Ni fungu la mchanga lililo chini ya maji, kaskazini mwa daraja la Marler la barabara ya US 98, pale ghuba ya Choctawhatchee Bay inapokutana na East Pass, mlango wake wa kutokea baharini. Zamani palikuwa na vijisiwa vya mchanga uliochimbwa na Army Corps of Engineers (wahandisi wa jeshi la Marekani) walipokuwa wanaongeza kina cha mlango. Vikaliwa na maji, jina likabaki. Kwa hiyo msitegemee kivuli, choo wala pa kuketi. Maji ni ya magoti hadi kifua cha mtu mzima, na ukingoni fungu linakatika ghafla na kuingia kwenye njia ya boti. Kwa mtoto wa miaka 4 kina cha kiuno chako tayari ni kirefu. Avae jaketi okozi muda wote, hata boti ikiwa imetia nanga.

Mwezi: chagueni Mei. Mwanzoni mwa Aprili maji yako kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na mtoto atatetemeka ndani ya robo saa. Katikati ya Mei yanakaribia 25. Hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama mtakaa saa moja au nne.

Kusi na Kaskazi
Naunga mkono Mei, lakini sababu kubwa kwangu ni upepo. Mwezi Machi na Aprili tatizo ni hewa ya baridi inayoshuka kutoka bara karibu kila wiki. Mpangilio wake ni huu: siku moja au mbili upepo mkali wa kusini na radi, kisha unageuka ghafla kuwa wa kaskazini, mbingu inakuwa safi kabisa. Siku hiyo ya mbingu safi ndiyo inayodanganya watu. Upepo wa kaskazini unavuka ghuba nzima bila kizuizi, unaleta mawimbi mafupi yaliyobanana juu ya fungu, na unasukuma maji nje hadi kina kinapungua kuliko jedwali la maji kujaa na kupwa linavyosema.

Kwa pontuni, utabiri ukisema noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa) ahirisheni. Wekeni nafasi ya boti siku ya kwanza ya safari ili mbaki na mbili za akiba, na kabla ya kulipa someni masharti ya kufuta kwa sababu ya upepo, siyo ya mvua tu.

Omo na Tezi
Sheria. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baada ya hapo haruhusiwi kuendesha boti ya hosipawa 10 na kuendelea Florida bila kadi ya elimu ya usalama wa boti. Mgeni anaweza kufanya mtihani wa cheti cha muda cha FWC (tume ya wanyamapori na uvuvi ya Florida) mtandaoni, kinadumu siku 90. Wote watakaoshika usukani wafanye kabla ya kutoka nyumbani. Kukodi ni miaka 18 na kuendelea. Mtoto chini ya miaka 6 lazima avae jaketi okozi boti ikiwa inatembea, kwa boti zilizo chini ya futi 26. Wengine wote, kila mmoja na jaketi la saizi yake. Lijaribuni gatini: mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi, likipanda hadi masikioni ni kubwa.

Kuhusu nahodha, hapa watu hukosea hesabu. Boti ya kawaida isiyokaguliwa na Coast Guard (walinzi wa pwani), ukilipia pamoja na nahodha wake, inabeba abiria 6 tu. Mko 9. Ama boti mbili, ama moja kubwa iliyokaguliwa (mwombeni cheti cha ukaguzi), ama mkodi pontuni tupu mwendeshe wenyewe. Mkichagua pontuni, angalieni kibao cha uwezo (idadi ya watu inayoruhusiwa) karibu na usukani. Mtoto mchanga naye ni kichwa.

Mleta uzi
Asanteni sana. Tumekubaliana iwe Mei. Bajeti inatusukuma kwenye pontuni ya kuendesha wenyewe. Nimeangalia jedwali la maji nikachanganyikiwa, siku nzima inaonyesha kujaa mara moja tu. Jedwali lina kasoro?

Fungu la Nje
Halina kasoro. Sisi tumezoea Bahari ya Hindi, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kule ni mara moja, na hayafiki hata nusu mita. Bamvua yake pia haifuati mwezi mpevu, inafuata mwezi unapokuwa mbali zaidi kaskazini au kusini mwa ikweta. Kwa hiyo msihesabu kwa mwezi wa angani, fungueni utabiri wa NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) wa Destin, East Pass.

Nusu mita ni ndogo, lakini ghuba nzima inapumua kupitia tundu moja la East Pass, ndiyo maana mkondo una nguvu. Maji yakijaa yanatoka baharini, fungu linakuwa kijani kioo. Yakipwa yanaleta maji ya ghuba yenye rangi ya chai, na yanavuta kila kinachoelea kuelekea darajani na nje. Na kwa kuwa ni mara moja kwa siku, kupwa kunaweza kuchukua karibu nusu siku. Chagueni siku ambayo kujaa kunaangukia mchana.

Boti nyingi za kukodi ziko Destin Harbor, kusini mwa daraja. Ukitoka unageuka kulia na kupita chini yake. Pontuni iliyojaa watu inasukumwa pembeni na mkondo kuliko mnavyodhani, kwa hiyo kaeni katikati ya nguzo na msipunguze mafuta hadi usukani ulegee. Kushoto ni bahari wazi, msiende huko.

Omo na Tezi
Kutia nanga ndipo siku inapoharibika. Simama kwanza uangalie boti zilizotia nanga na maboya yanavyolala, ujue mkondo unaenda wapi. Njoo taratibu ukiukabili, simama, teremsha nanga (usirushe) kutoka omo, yaani mbele ya boti, kisha uache boti irudi nyuma yenyewe huku ukitoa kamba. Hesabu: maji mita 1.2 na omo sentimita 80 juu ya maji ni mita 2. Zidisha kwa 7, toa mita 14. Penye msongamano 5 inatosha, yaani mita 10. Watu wanatoa mita 4, nanga inalala ubavu, boti inaburuzwa hadi kwa jirani. Nanga ya pili ya tezi (nyuma) ni ya kuzuia kuyumba tu. Ukifunga tezi peke yake dhidi ya mkondo, maji yanaingia kwa nyuma.

Kabla mtu hajagusa ngazi: funguo zimezimwa, zimetoka. Moshi wa injini hukusanyika nyuma ya boti, na propela haionekani. Inua mashine isigonge chini, na ukiiwasha tena penye maji mafupi usivute mafuta, itafyonza mchanga na kupasha moto. Angalia uzi wa maji unaotoka kando ya mashine. Ukikatika, zima.

Kusi na Kaskazi
Nyongeza: fungeni kamba ya mita 15 yenye boya, ielee nyuma kufuata mkondo. Aliyechoka kuogelea anaishika. Na mkitembea majini, buruzeni miguu, taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) hujifukia mchangani.

Mleta uzi
Nimeyapata yote. La mwisho: boti ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Tuondoke funguni saa ngapi?

Fungu la Nje
Saa 7 na nusu. Upepo wa baharini huongezeka alasiri, na foleni ya kurudi gatini ni ndefu. Na hiyo saa 3 ni saa ya Destin, iko nyuma ya Atlanta kwa saa moja. Hakikisha uliyeongea naye alimaanisha hiyo.