Re: Nahamia Yakima, hali ya hewa huko ikoje?

Wadau salamu. Mimi niko Seattle, kazini wananihamishia Yakima mwezi wa kumi na moja, nikiangalia ramani ni jimbo lilelile tu la Washington, Marekani, mwendo wa kama masaa mawili na nusu kwa gari. Makoti yangu ya mvua yanatosha ama ninunue vingine?

---

Dada, koti la mvua halitakusaidia sana huko. Upepo wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka magharibi, sio kama kusi na kaskazi zinazopokezana kwa msimu, unakuja umebeba unyevu wa Pasifiki unakutana na milima ya Cascade, hauna njia ila kupanda, na hewa ikipanda inapoa, unyevu wote unamwagika upande wenu huo. Ikishuka upande wa pili imeshakauka, tena inapata joto. Ndo maana Seattle mnapata kama milimita 950 za mvua kwa mwaka na Yakima kama 200 tu, mashamba yote yale unayosikia yanategemea umwagiliaji. Halafu bahari iko mbali, hakuna cha kupoza kiangazi wala kupunguza makali ya Januari. Koti zito basi, na mafuta ya kupaka, ngozi itapasuka.

Kitu kingine, njiani utapita Snoqualmie, pale barabara inapovuka hiyo milima, mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mjini kwenu yanaweza kuwa manyunyu tu kumbe juu kule theluji imefunga barabara, so cheki hali ya barabara kabla hujatoka na cheni za matairi ziwe kwenye buti.

---

Hapo kwenye kupanda naongezea, mimi niko Denver, mita 1,600. Kwa wastani kila mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6.5, ila watu wanasahau jua: hewa nyembamba haikukingi, unaungua hata siku ya baridi. Na likizama tu, ule joto wa mchana unakimbia, sweta usiache nyumbani hata Julai. Ukifika siku za kwanza kunywa maji mengi, usikimbilie mazoezi.

---

Sasa mbona sisi Boston tuko pwani, tena kusini kuliko Seattle, na bado tunaganda??

---

Kaka, kuwa pwani peke yake haitoshi, angalia upepo unatoka wapi. Wenu pia mwingi unatoka magharibi, na magharibi yenu ni bara zima lililoganda, bahari iko upande unakoelekea. Seattle Januari wastani ni kama digrii 5, nyie mko chini kidogo ya sifuri. Siku ukisikia wametangaza upepo wa kaskazini mashariki ndo hiyo bahari inawajia, ila inakuja na dhoruba, nunua mahitaji mapema na gari usiliache barabarani maana wakianza kuzoa theluji wanalivuta.