Matembezi ya kutazama ndege wahamaji wa pwani: twende maji yakijaa au yakipwa?

Nuru_ya_Alfajiri aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa matembezi ya kuwatazama ndege wahamaji wa pwani, wale wanaokimbia baridi ya kaskazini, kwa ajili ya kikundi cha watu ambao wengi wao hawajawahi kushika darubini. Mwongozaji tunaye, naye ni mjuzi wa ndege, lakini ameniachia mimi nichague siku na saa. Wapo wanaonishauri tufike maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa hoja kwamba ndipo ndege wanapokula. Wengine wanasema tungoje yajae. Naomba pia kuelezwa ni umbali gani unaofaa, kwa kuwa baadhi ya wenzangu wana kamera na nina hakika watataka kusogea. Sipendi matembezi yetu yawe usumbufu kwa viumbe waliotoka mbali kiasi hicho.

Bamvua alijibu:

Ndugu Nuru, saa ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Maji yakipwa kabisa, ni kweli ndege wanakula, lakini wametawanyika kwenye tope lote, na mtu asiyezoea darubini ataona vidoa tu. Fikeni muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya maji kufikia kilele. Kadiri tope linavyofunikwa, ndege husukumwa kuja upande wenu wenyewe, ninyi mkiwa mmetulia mahali pamoja, hadi watakapojikusanya penye ukavu na kulala kwa mguu mmoja huku midomo wameificha mgongoni.

Siku nayo ichaguliwe kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kuwaleta ndege karibu. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hayapandi sana, sehemu ya tope inaweza isifunikwe kabisa nao wakabaki mbali. Kwa kawaida kilele cha maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo msitumie saa ya jana. Jua liwe mgongoni mwenu, na mwongozaji aijue vizuri njia ya kurudi, kwa sababu bamvua huziba mikondo midogo mapema kuliko mgeni anavyodhani.

Mkishatulia, waombeni watu wamtazame ndege mmoja kwa muda mrefu badala ya kuhangaika na majina. Katika msimu huu wengi wao wana manyoya ya kijivu yanayofanana, hivyo mdomo, miguu na mwendo husema zaidi kuliko rangi. Kitwitwi hukimbia, husimama ghafla, hutazama kwa macho yake makubwa, kisha hudonoa. Sululu huingiza mdomo wake uliopinda ndani ya shimo la kaa, na ncha ya mdomo wa juu huweza kunyanyuka peke yake humo topeni bila mdomo mzima kufunguka. Yupo pia *Calidris canutus*, mnene wa kifua na mfupi wa miguu, anayemeza kombe wadogo wazimawazima na kuwasaga kwa firigisi. Akikaribia kuanza safari ndefu, firigisi hiyo husinyaa, na mafuta na misuli ya kifua huongezeka. Wageni wakielezwa hilo huku ndege mwenyewe wanamwona, hamtahitaji kuwabembeleza wakae kimya.

Mlinzi_wa_Tope alijibu:

Naunga mkono maelezo ya Bamvua, nami nizungumzie umbali. Hakuna kipimo kimoja, kwa maana ndege wanaowindwa huruka mapema kuliko waliozoea watu, na kundi la watu huogofya kuliko mtu mmoja. Ndege wenyewe ndio wanaokuambia: wakiacha kula, wakainua vichwa wote pamoja, au wakaanza kutembea kuelekea upande mwingine, tayari mmevuka mpaka, rudini nyuma polepole kabla hawajaruka.

Nalisisitiza hili kwa sababu kila mruko usio wa lazima unateketeza mafuta ya safari. Mwaka 2022 kinda la *Limosa lapponica*, ndege wa jamii moja na sululu, lilifuatiliwa kwa setilaiti kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita zipatazo 13,560 kwa siku 11 bila kutua, na ndege huyu hawezi kupumzika juu ya bahari kama shakwe. Wenye kamera waketi chini wangoje maji yawaletee picha. Mbwa wabaki nyumbani, na droni zisirushwe kabisa. Pale walipolala ndege wakati wa maji makuu, msipite hata kwa mbali kidogo ikiwa iko njia nyingine.

Mzee_wa_Mikoko alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na Bamvua. Kwa kikundi chenye wazee au watoto, afadhali muanze maji yanapoanza kutoka. Ndege wameamka na njaa, wanafuata ukingo wa maji, na bahari haiwafukuzi ninyi. Mtawaona karibu kwa muda mfupi zaidi, lakini kwa utulivu.

Tena wahesabuni, japo kwa makadirio. Tangu mwaka 1967 kumekuwa na sensa ya kimataifa ya ndege wa majini inayofanyika hasa mwezi Januari, na sehemu kubwa yake hutegemea watu wa kujitolea wanaohesabu pale walipo. *Numenius tenuirostris*, sululu mwenye mdomo mwembamba, alithibitishwa kuonekana kwa mara ya mwisho Merja Zerga, Moroko, mwaka 1995, na mwaka 2025 akatangazwa kuwa ametoweka duniani. Inaniuma sana kwamba ndege aliyekuwa akihama kila mwaka alipungua hadi kwisha, na hesabu za kuaminika zilikuwa chache mno.

Nuru_ya_Alfajiri aliandika:

Nawashukuru nyote. Kwa kuwa tunao wazee watatu, nimechagua siku ya pili baada ya mwezi mpevu, tufike maji yakiwa kwenye kilele na tukae pembeni, mbali na walipolala, hadi yaanze kutoka. Mzee wa Mikoko, nikuulize: kundi likiwa kubwa na limechanganyika, mnahesabu kila aina peke yake, au mnaanza na jumla ndipo mgawanye?