Kumwachia kobe mng'ataji: swali kutoka Hamilton

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi. Mwezi wa tisa mwaka jana, tulipokuwa tukitembea kando ya kinamasi cha Cootes Paradise hapa Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, wanangu waliokota kobe mchanga ambaye gamba lake halikuzidi upana wa sarafu, nami nikawaruhusu waje naye nyumbani kwa kuwa baridi ilikuwa imekaribia na niliamini kwamba angekufa. Tukamweka katika tangi la kioo pamoja na kobe mwingine, mwenye mistari myekundu pembeni mwa kichwa, ambaye tulimnunua dukani. Sasa amekua, mkia wake mrefu una miiba kama meno ya msumeno, na juzi alimng'ata mwenzake mguu hadi damu ikatoka. Jirani ametuambia kwamba huyu ni kobe mng'ataji, yule mkubwa wa mabwawa ya huku. Tumekusudia kumwachia katika bwawa la bustani iliyo karibu na nyumba. Je, tusubiri maji yapate joto kwanza, au tunaweza kumpeleka sasa?

Mama wa watoto watatu, Hamilton

---

Dada yangu, wa aleikum salaam.

Nakusihi usimwachie Jumamosi, wala siku nyingine yoyote kwa mkono wako mwenyewe. Nimejitolea kwa miaka kadhaa kusafirisha kobe waliogongwa na magari kuwapeleka hospitali ya kobe iliyoko Peterborough, na naandika kwa urefu kwa sababu swali lako nimeulizwa na familia nyingi zenye nia njema kama yako.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni lile tangi la pamoja. Kobe wa dukani, hata akionekana mzima, anaweza kubeba virusi, bakteria na minyoo ambayo kobe wa porini hapa hawajawahi kukutana nayo. Wako amekaa naye miezi saba katika maji yaleyale na sasa wamegusana kwa damu, kwa hiyo ukimtia bwawani huenda ukatia pia maradhi yatakayowafikia kobe na vyura wa bwawa zima. Watenganishe leo hii, kila mmoja na chombo chake, na usitumie ndoo moja kwa wote wawili.

Jambo la pili ni mahali. Kobe hawa huijua nchi yao: wapi pa kulala wakati wa barafu, wapi pa kutagia, njia ipi inaelekea majini. Ndiyo maana wanaotibiwa hurudishwa karibu kabisa na pale walipookotwa, na ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa mahali hasa mlipomkuta. Bwawa la bustani yenu si kwao.

Kuhusu baridi, usijilaumu, lakini ni vema ujue kwamba kobe mchanga wa aina hii hutoka yaini mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa vuli, akaenda majini, akapitisha majira yote ya baridi chini ya barafu, mwili ukiwa umepoa na haja yake ya hewa imepungua mno. Alikuwa njiani kwenda kulala. Mkikutana na mwingine barabarani, mvusheni kuelekea upande uleule aliokuwa akiendea, kisha mwacheni.

Sheria ya Ontario nayo hairuhusu kumfuga bila kibali, na haimruhusu mtu kuachia porini mnyama wa asili ya kigeni kama yule wenu wa dukani. Piga simu kwa mtunza wanyamapori mwenye kibali au kwa wizara ya maliasili ya jimbo, uwaeleze ukweli wote, hasa habari ya tangi. Ukificha hilo ili kuepuka aibu, watakosa jambo wanalolihitaji kuliko yote.

Wakati wa kumsafirisha, tumia sanduku la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, na taulo yenye unyevu ndani yake, bila maji ya kina. Msimnyanyue kwa mkia, kwani uti wa mgongo huumia. Wengi wetu tuliopelekwa kisiwa cha Changuu, kule Zanzibar, tukiwa watoto wa shule tuliwalisha wale makobe wakubwa majani mkononi, na mkono umezoea kutangulia. Huyu si wa namna hiyo. Gamba lake la tumboni ni dogo, hawezi kujificha ndani yake, hivyo akiwa nchi kavu kinga yake ni kung'ata, na shingo yake hufika mbali nyuma kuliko unavyodhani. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapogusa maji ya tangi, kwa ajili ya salmonela, bakteria wanaoumiza tumbo.

Huko kwenye mbuga ya Algonquin, ambako watafiti wamewafuata kobe hawa tangu mwaka 1972, jike huanza kutaga akiwa na umri unaokaribia miaka 20, na mayai mengi huliwa na rakuni na mbweha. Mmoja akipotea, pengo lake halizibiki upesi. Kwa hiyo uwindaji wao ulikomeshwa Ontario mwaka 2017, na kwa hiyo ninakusumbua kwa barua ndefu kiasi hiki.

Kaka yako, Peterborough

---

Kaka, shikamoo, na ahsante.

Nilipiga simu siku ileile, nikaeleza yote, na hakuna aliyenikaripia. Tulimpeleka Ijumaa pamoja na ramani ambayo mwanangu mkubwa aliichora, yenye alama ya mti ulioanguka pale tulipomwokota. Yuko peke yake katika karantini anapimwa, na uamuzi wa kumrudisha kinamasini au kutomrudisha ni wao.

Yule wa dukani anabaki kwetu, mguu umeanza kupona. Daktari wa wanyama ametuambia kwamba anaweza kuishi miaka 30 na kwamba tangi letu ni dogo kwake. Kama kuna familia kati ya Hamilton na Toronto yenye tangi kubwa isilolitumia, tutakuja kulichukua wenyewe na kulilipia.

Mama wa watoto watatu, Hamilton