Naombeni ushauri: nizungumze nini na kidato cha tatu wasisinzie?

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga mjini. Mkuu wa shule moja ya kata ameniomba nikazungumze na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, saa nane mchana. Joto la Tanga mnalijua, tena watakuwa wametoka kula makande! Kipaza sauti hakuna.

Hizi hotuba za "someni kwa bidii, ndoto zitatimia" wamezichoka, na mimi mwenyewe siziamini sana. Nawaza nianze na bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani. Niwaulize wao: mradi kama ule unahitaji watu wa kazi gani? Najua wataanza na mhandisi. Nataka wafike kwa mchomeleaji, mpima ardhi, mpishi, kisha turudi nyuma: huyu alipitia VETA au kidato cha sita?

Wanaonitia hofu ni wale wa viti vya nyuma. Nikiwagawa makundi wataongea, au ndiyo nimewafungulia kijiwe? Maswali ya kuandika kwenye karatasi bila jina, kuna aliyejaribu? Na walimu mliopo humu, nikiwaomba wenzenu watupishe kidogo, mtaona ni dharau?