Nguzo zinatoka kwetu, maji yanatoka kwetu, umeme wa kuzungusha mota hatuna. Vijana wa Mufindi wafanye kazi gani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Nina karakana ya mbao hapa Mafinga. Tunatengeneza milango, fremu, vitanda. Vijana wangu wanalipwa kwa kazi: randa ikizunguka wanaondoka na hela, isipozunguka wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wiki hii umeme umekatika asubuhi, umerudi mchana ukiwa mdogo mpaka taa zinafifia, umekatika tena jioni. Mota ya msumeno imeungua. Fundi wa kusuka mota anadai chake, mwenye oda anadai milango yake, vijana wamekaa juu ya magogo tangu asubuhi. Nimepiga simu ofisi inayohusika nikaambiwa kuna hitilafu kwenye laini. Hitilafu gani, itaisha saa ngapi, hakuna anayesema.

Nimechoka kusikia hili likiitwa kero ya kukaa gizani. Hili ni suala la ajira. Hotuba za ajira kwa vijana zimejaa mikopo na semina za ujasiriamali, hotuba za umeme zimejaa idadi ya vijiji vilivyofikiwa na nguzo, na hakuna siku nimesikia hotuba hizo mbili zikikutana. Kijiji kikiwashwa taa kinaandikwa kimepata umeme, habari imeisha. Mota ngapi zinazunguka pale? Watu wangapi wanakula kwa mota hizo? Hilo halihesabiwi!

Sina ugomvi na umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ule wa njia moja (single phase) wa kuunganishwa kwa shilingi 27,000. Mtoto anasoma usiku, simu inachajiwa, na mama yangu kijijini ameupata anaushukuru. Lakini taa haimwajiri mtu. Kenya jambo hili lilipimwa kwa makini, utafiti wa Lee, Miguel na Wolfram uliochapishwa 2020: kaya za vijijini zilizounganishwa zililinganishwa na zisizounganishwa, na hali zao za maisha hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Afrika Kusini ilikuwa tofauti. Kule KwaZulu-Natal, mtafiti Dinkelman alionyesha mwaka 2011 kwamba umeme ulipofika vijijini, ajira za wanawake zilipanda kwa pointi 9 hivi za asilimia, kwa sababu ulianza kupika na kupunguza kazi za nyumbani, wanawake wakapata muda wa kutoka kutafuta kipato. Mimi naona hivi: umeme unazaa kazi pale unapobeba shughuli nzito. Ukiishia kwenye balbu na chaji, usitegemee kijana aache kijiwe.

Na huku kwetu shughuli nzito zipo tele. Shamba la miti la Sao Hill liko hapa. Nguzo zinazosimikwa mikoa mingine zinakatwa huku Mufindi na Njombe. Chai ipo, parachichi za Njombe na Rungwe zinahitaji vyumba vya baridi, mpunga wa Mbarali unahitaji kukobolewa. Hizo zote ni mota, na mota za maana zinataka umeme wa njia tatu (three phase) wenye nguvu kamili. Umeme ukija mdogo wakati mashine ina mzigo, mota inavuta mkondo mwingi zaidi kufidia, inapata moto, koili inaungua. Fundi yeyote wa mtaani atakueleza. Ndiyo maana wengine wamekata tamaa na gridi, wanapasua mbao kwa dingdong za dizeli huko huko msituni.

Kuna anayeniambia ninunue jenereta. Haya, tupige hesabu. Kwa bei ya T1, daraja la wateja wa kawaida na biashara ndogo, shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT na tozo unafika kama 356. Jenereta ya kawaida inakupa uniti 3 hivi kwa lita ya dizeli, na lita inazidi shilingi 2,500. Hapo uniti moja imevuka 800 kabla ya oili na matengenezo. Tajiri mwenye kiwanda cha plaiwudi anaweza kuibeba gharama hiyo. Mimi nikiibeba, inatoka kwenye ujira wa vijana au napunguza mtu. Nimeshapunguza, na hao niliowapunguza sasa wanaendesha bodaboda za mkataba.

Hapa ndipo hasira yangu inazidi. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja ndani ya wiki anahesabiwa ana kazi. Kijana wangu aliyepiga randa asubuhi moja na kukaa bure siku zilizobaki kwa kipimo hicho hatohesabiwa kama hana ajira. Umeme umemla wiki nzima na kipimo kinasema yuko kazini.

Wala msije na hoja ya maji kupungua kwenye mabwawa. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9, megawati 2,115, na limekamilika 2025. Maji ya Ruaha yanayopita Mtera na Kidatu kabla ya kufika Rufiji yanaanzia nyanda hizi hizi, ya Kihansi pia. Sasa inajengwa laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga ya kutuunganisha na Zambia. Ijengwe, biashara ni nzuri. Ila laini kubwa haizungushi randa. Tunachokosa ni transfoma za kutosha, nyaya nene za mtaani, na laini za njia tatu kwenye maeneo ya karakana na mashine. Hiyo ndiyo bajeti ninayotaka mbunge wetu aidai, na taarifa ya kila mwezi ya saa zilizokatika kwa kila laini, ibandikwe hadharani.

Wadau wa Makambako, Igawa, Uyole, Tukuyu, Ilula: wekeni hapa umeme ulikatika saa ngapi wiki hii, na watu wangapi walikosa ujira kwa sababu hiyo. Andikeni aina ya mashine na kama laini yenu ni ya njia moja au tatu. Nitakusanya zote nizipeleke kwenye kikao cha wafanyabiashara wilayani, na nikifukuzwa huko nitarudi hapa kuwaambia.